Kwihara, Jirani ya Tabora

Karibu na mji wa Tabora pana mahali paitwapo Kwihara. Zamani za misafara walikaa hapo Wanyamwezi wenye nchi, Waarabu wa Omani, Waungwana wa pwani, na Wamanyema wa Kongo. Wengine walifuata biashara ya pembe. Wengine waliletwa kwa minyororo. Mwaka 1871 Mirambo aliingia Tabora akauchoma moto. Kwihara wakaogopa sana. Mwaka 1872 Livingstone aliwangoja wapagazi hapo. Oktoba 1873 watumishi wake, Susi na Chuma, walifika na maiti yake. Mwingereza Cameron akashauri azikwe huku huku, wakakataa. Tembe la Livingstone ni nyumba ya makumbusho. Watumwa waliolima mashamba ya Kwihara hawana kumbukumbu. Basi, tuwakumbuke sisi.