Mafundi wa sitari wa Miraj

Miraj ni mji wa njia panda ya reli kusini mwa jimbo la Maharashtra, India. Jamaa wa Kiislamu waitwao Shikalgar waliishi hapo kwa kufua na kunoa panga za askari. Enzi ya Wamaratha ilipoanguka na Waingereza wakaishika nchi, panga zikakosa wanunuzi. Katikati ya karne ya 19 mmoja wao, Faridsaheb, aligeukia ala za nyuzi, na wazao wake wengi wakachukua jina la Sitarmaker. Watawala wa mji, ukoo wa Patwardhan, walipenda muziki, hivyo kazi haikukosa mteja.

Kazi yenyewe huanzia shambani. Tumbo la sitari na la tanpura, ala ya nyuzi inayowasindikiza waimbaji, ni buyu kubwa, chungu lisilolika, linalolimwa na wakulima wa upande wa Pandharpur. Buyu hukaushwa kwa miezi, hukatwa, kisha huloweshwa hadi lilainike na kuumbika. Shingo huchongwa kwa mti wa tun.

Ugumu upo mwishoni. Nyuzi hulala juu ya kipande kipana cha mfupa au pembe, nacho husuguliwa kidogo kidogo mpaka uso wake uwe na mbinuko hafifu. Hapo uzi hugusa na kuachia, ndipo hutoka ule mvumo wa kuwakawaka. Hakuna kipimo cha rula kwa kazi hii. Fundi hutegemea sikio, na wengi huzijua sehemu nyingine zote kabla ya kuijua hii. Tanpura ya waimbaji wanaume hufanywa kubwa na nzito ya sauti, ya wanawake ndogo zaidi.

Sifa ya mji ilikuzwa pia na mwimbaji Abdul Karim Khan, aliyehamia Miraj na kuzikwa hapo mwaka 1937 katika dargah (ziara ya kaburi la walii) ya Khwaja Shamna Mira, ambako wanamuziki hukusanyika kila mwaka kumkumbuka.

Mwaka 2024 sitari na tanpura za Miraj zilipewa alama ya kijiografia, yaani ala iliyotengenezwa kwingine haiwezi kuuzwa kwa jina hilo. Sheria hiyo, hata hivyo, haizuii tanpura za umeme, wala programu za simu zinazomtosha mwanafunzi wa kuimba asiye na fedha za ala ya buyu.