Tajiri Asiye na Mali: Historia ya Fidia ya Kazi katika Nchi ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ni mchanga kwa jina lakini mkongwe kwa kazi. Jina lake, lililotwaliwa kutoka katika mto uendao Ziwa Viktoria, liliingia katika orodha ya mikoa ya Tanzania mwaka 2012, na mji wa Bariadi ukawa makao makuu. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa chini ya Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu katika Mkoa wa Mwanza. Lakini pamba haikungoja mkoa. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka katika nchi ya Maswa, robota za pamba ya Wasukuma zilipata njia ya kwenda pwani, na viwanda vya kuichambua vikawa sehemu ya maisha ya nchi ile.

Palipo na mashine hapakosi ajali. Katika mashine ya kuchambua pamba, rola huzivuta nyuzi na kisu huzitenga na mbegu. Mlishaji husimama karibu, na mkono wake hauko mbali na vyuma viendavyo kasi. Mikanda huzunguka, vumbi huingia kifuani, na shindilio la robota halibagui pamba na mkono. Kazi yenyewe ni ya msimu: watu huajiriwa mavuno yanapoanza kuingia, hutawanyika yanapokwisha, na mwaka ufuatao huenda wakaja wengine. Mtu akikatwa vidole huko, swali moja huzuka ambalo ni kongwe kuliko sheria: hasara hii ni ya nani?

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hasara ni yake mwenyewe na jamaa zake. Katika kilimo cha zamani cha Usukuma, ambako vijana walilima kwa makundi kutoka shamba hadi shamba, hapakuwa na bwana wa kudaiwa. Aliyeumia aliangukia mikono ya ndugu na jirani. Kazi ya mshahara ilipoingia, desturi hii ilibaki bila ya msingi wake. Mtu alikuwa mbali na kwao, na aliyefaidika na jasho lake hakuwa ndugu wala jirani. Sheria ya Mabwana na Watumishi wa Kienyeji ya mwaka 1923 ilikuwa hodari zaidi wa kumwadhibu mtumishi mtoro kuliko kumtunza mtumishi aliyevunjika.

Jibu la pili lilitoka Ulaya. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga sheria yake ya fidia mwaka 1897. Tofauti iliyokuwapo kati ya sheria hizo mbili ndiyo ufunguo wa habari yote inayofuata. Wajerumani waliwakusanya waajiri katika vyama, wakachangia pamoja, na chama kikalipa. Waingereza walimwachia kila mwajiri mzigo wake: ajali ikitokea kwake, alipe yeye, akiogopa, na aende akanunue bima. Tanganyika ilianza siku zake za ukoloni chini ya Wajerumani, lakini sheria ya fidia iliipata chini ya Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, ikajulikana baadaye kama Sura ya 263 ya sheria za nchi. Kwa hiyo ilirithi njia ya Kiingereza.

Haifai kuidharau sheria ile. Ilimwondolea mfanyakazi kazi ngumu ya kuthibitisha kosa la bwana wake. Ilitosha kwamba ajali imetokana na kazi na imempata akiwa kazini. Aidha ilileta jedwali la viungo, ambamo kidole gumba, jicho na mguu vilipewa kila kimoja sehemu yake katika mia ya uzima wa mtu. Tanganyika ilipopata uhuru, iliridhia mwaka 1962 mikataba ya kimataifa ya mwaka 1921 na 1925 juu ya fidia ya wafanyakazi, wa kwanza ukiwahusu wa mashamba hasa. Kwa maandishi, mpalilia pamba na mchambua pamba walikuwa wamelindwa.

Tatizo lilikuwa katika neno moja. Kiswahili cha kazini kimemwita mwajiri tajiri tangu zamani, na hata leo utingo wa lori humwita hivyo mwenye gari. Lugha imechukulia kwamba amwajiriye mwenzake ana mali. Sheria ya Kiingereza nayo ilichukulia vivyo hivyo. Kwa kiwanda kikubwa dhana hiyo haikuwa mbaya: kilikuwa na mtaji, karani, na wakala wa bima. Lakini mwajiri wa pili katika nchi ile alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa: mwenye mashine moja ya kusaga, seremala mwenye vijana wawili, mwenye lori kuukuu na utingo wake, mkulima aliyeita vibarua wa kuvuna. Huyu alikuwa tajiri kwa jina. Mashine ikimla mkono kijana wake, alidaiwa kwa mara moja fedha ambazo hakuwahi kuziona pamoja, na kama hakuwa na bima, palikuwa na njia mbili tu. Ama alilipa akafilisika, na wale waliobaki wakakosa kazi. Ama hakulipa, na mlemavu akabaki na haki iliyoandikwa vizuri katika karatasi. Aghalabu palitafutwa njia ya tatu ambayo sheria haikuitaja: kikao cha jamaa, mbuzi, fedha kidogo za hospitali, na ahadi. Mwajiri hakuwa mkatili kwa lazima, wala mfanyakazi hakuwa mjinga; wote wawili walikuwa wamepewa vazi lisilowaenea.

Ushirika wa pamba uliligeuza swali hili kwa namna ya ajabu. Wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, waliungana katika shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria mwaka 1955, nao wakaanza kumiliki viwanda vyao wenyewe. Tangu siku hiyo mkulima aliyevaa kaptula iliyochanika alikuwa, kupitia chama chake, mmoja wa matajiri wa mlishaji mashine. Wachache waliliona jambo hilo kwa sura hiyo. Walifurahi, na walikuwa na sababu ya kufurahi, kwamba mizani ilikuwa yao.

Mwaka 1967 bima zote ziliwekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa, na baada ya sheria ya mwaka 1996 kampuni binafsi zikarudi sokoni. Mabadiliko haya makubwa hayakumgusa sana mwenye mashine ya kusaga. Kilichomgusa mfanyakazi ni kwamba kiwango cha juu cha fidia kiliachwa kiozee katika maandishi. Hadi sheria ya zamani inaondolewa, aliyepoteza uwezo wake wote wa kufanya kazi hakuweza kupata zaidi ya shilingi 108,000, na warithi wa aliyekufa hawakuweza kupata zaidi ya 83,000. Katika nchi ya wafugaji hesabu hiyo ilieleweka upesi: katika miaka ile ya mwisho, fedha za uhai wa mtu hazikutosha kununua fahali mzuri mnadani.

Jibu la tatu lilikuja na Sheria Namba 20 ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri wa Tanzania Bara, wa Serikali na wa watu binafsi, walianza kuchangia Julai 1, 2015, na mafao yakaanza kulipwa Julai 1, 2016. Zanzibar ina sheria yake. Jirani Kenya, iliyotoka katika urithi uleule wa Kiingereza, ilichagua njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2007 ilimwamuru kila mwajiri anunue bima kwa kampuni iliyoidhinishwa. Tanzania kwa kweli iliufuata mtindo wa vyama vya Kijerumani, miaka karibu 100 baada ya Wajerumani kuondoka.

Mchango hutoka kwa mwajiri peke yake. Ni haramu kuukata katika mshahara. Mwanzo sekta binafsi ilitozwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 imekuwa 0.5, sawa na Serikali. Fundi wa kuchomelea vyuma mjini Bariadi mwenye vijana watatu, akimlipa kila mmoja shilingi 150,000 kwa mwezi, hudaiwa shilingi 2,250. Kwa fedha hiyo mzigo uliokuwa ukimfilisi huhamia kwa Mfuko: matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa anayeuguza jeraha, pensheni kwa aliyelemaa sana, mazishi, na pensheni kwa mjane na watoto. Mtu angedhani matajiri wadogo wangekimbilia mlangoni.

Hawakukimbilia wote, na sababu si ubahili tu. Asilimia ni sehemu ya kitu, na kitu hicho lazima kiwe kimeandikwa. Mwenye mashine hana daftari la mishahara; humlipa kijana jioni kwa kadiri ya magunia. Akijiandikisha kwa Mfuko, huhofu kwamba ameonekana pia na wakusanya kodi. Tena husema, mara nyingi kwa moyo mweupe, kwamba yule si mfanyakazi, ni kijana anayemsaidia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ilikwisha kulijibu neno hilo: aliyemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita huhesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Kibarua wa msimu wa pamba huzifikisha saa hizo kwa juma moja.

Lakini iko kazi ambayo hata kipimo hicho kinapata shida kuifikia. Alfajiri ya Jumamosi, Januari 13, 2024, mgodi mdogo wa dhahabu wa Ng'alita, wilayani Bariadi, uliporomoka na kuua watu 22. Kwa taarifa ya viongozi, walikuwa watu wa umri wa miaka 24 hadi 38, waliokuwa wameanza kuchimba wiki mbili au tatu tu kabla, mahali palipokuwa pamezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa.

Katika uchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa, mwenye leseni aghalabu si mwenye duara, na mwenye duara si mchimbaji. Kati yao huweza kuwapo mfadhili anayetoa chakula na magogo ya kuzuilia kuta. Hakuna mshahara. Mifuko ya mawe ikipanda juu hugawanywa, kila mmoja na fungu lake, na isipopanda, kila mmoja amepoteza siku yake. Wachimbaji wengi huupenda mpango huu, kwa kuwa bahati ikija, fungu hupita mshahara wowote. Sheria za mtindo wa Kiingereza zilimjua mkandarasi, nazo zilimruhusu mfanyakazi wa mkandarasi amdai mwenye kazi. Lakini hapo palikuwa na mkataba wa kazi wa kufuatwa ngazi kwa ngazi. Katika duara, ngazi hushuka kwa mafungu. Mwenye leseni atasema amempa mwenye duara nafasi tu. Mwenye duara atasema wale walikuwa wabia wake. Na mfadhili atasema alikopesha unga.

Kwa hiyo nusu ya asilimia haina pa kushika. Mchimbaji akifukiwa, mjane wake huulizwa mumewe alikuwa akilipwa shilingi ngapi kwa mwezi na nani, na jibu la kweli ni kwamba hakulipwa na mtu, alikuwa akigawana.