Mkulima Aliyeyakaribisha Maji

Neno jubilii tangu asili lina habari ya ardhi. Katika Torati ya Musa, mwaka wa 50 ulikuwa mwaka wa nchi kupumzika, na wa kila mtu kuurudia urithi wake. Kwa hiyo twaona vema, katika kitabu hiki cha jubilii, kumkumbuka mkulima mmoja, baba wa nyumba: Mzee Zephaniah Phiri Maseko wa Zvishavane, nchi ya Zimbabwe, aliyezaliwa mwaka 1927, akafariki mwaka 2015.

Hapo kwanza alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1964 aliondolewa kazini kwa kuwa aliipinga serikali ya walowezi. Nchi ile siku hizo iliitwa Rhodesia. Akaambiwa kwamba hatapata kazi tena. Nyumbani walikuwako watu wanane wa kulishwa. Alibakiwa na vitu viwili: shamba la hekta 3 hivi, ambalo udongo wake ulikuwa ukichukuliwa na maji, na Biblia.

Akasoma katika kitabu cha Mwanzo habari ya bustani ya Edeni na mto ulioinywesha, akatambua ya kuwa bustani yataka maji kwanza. Tena Zvishavane ni nchi kavu. Basi kila iliponyesha mvua aliyatazama maji yapitapo. Juu ya shamba lake palikuwa na mwamba mkubwa, na maji yaliteremka hapo kwa nguvu, yakiukata udongo. Mzee Phiri akajenga kuta fupi za mawe, si kwa kuyafunga maji, bali kuyapunguza mbio yapate kuzama. Chini yake akachimba lambo, akalifananisha na ofisi ya kupokea wahamiaji: maji hukaribishwa hapo, kisha huonyeshwa makao yao ardhini.

Haikuwa kazi nyepesi. Serikali ilikuwa imewaamuru wakulima kuchimba mitaro ya kuyaondoa maji shambani; yeye akachimba mashimo ndani ya mitaro ile, maji yatuame. Alishtakiwa pia kwa kulima penye ardhi ya majimaji, jambo lililokatazwa na sheria. Wakati wa vita vya ukombozi alikamatwa akateswa, hata akabaki na ulemavu wa mwendo. Wala hakuliacha jembe, maana watoto walihitaji kula.

Mwisho wake nchi ikamjibu. Visima vyake vilikuwa na maji wakati wa ukame. Migomba ikastawi, na samaki wakafugwa katika mabwawa. Wala hakuuficha ujuzi wake. Alianzisha shirika la maji la Zvishavane ili kuwafundisha jirani, na wageni wakaja kutoka nchi za mbali kujifunza. Mwaka 2006 alipewa tuzo ya National Geographic kwa uongozi katika kuhifadhi mali ya asili barani Afrika. Mashimo yale huitwa kwa jina lake hata leo.

Walimu na wakristo wenzetu, mzee huyu hakuanza kwa kutafuta sifa za mataifa. Alianza kwa kutafuta chakula cha watu wanane. Aitunzaye nyumba yake kwa bidii na akili, huenda akawa anaitunza nchi nzima asijue. Nasi twajiuliza: mvua ya mwaka huu ikifika mashambani mwetu, itakuta mwenyeji wa kuipokea?