Namna vioo vya umeme vya magari hufanya kazi

KATIKA magari ya zamani, abiria alizungusha mkono wa chuma mlangoni ili kuteremsha kioo. Siku hizi hubonyeza swichi tu. Kampuni ya Packard ya Marekani ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuuza magari ya aina hii, mnamo 1940.

Ndani ya mlango mna mota ndogo inayotumia umeme wa betri, kwa kawaida volti 12. Swichi ikibonyezwa upande mmoja, mota huzunguka. Ikibonyezwa upande wa pili, mkondo wa umeme hugeuzwa, nayo mota ikazunguka kinyume. Kwa kuwa huzunguka kwa kasi mno, gia yenye umbo la skrubu hupunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu. Gia hii huvuta waya wa chuma, au huinua mikono inayopishana mithili ya makasi, na kioo hupanda.

Skrubu hiyo huzungusha gurudumu lenye meno, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Ndiyo sababu mwizi hupata shida kukisukuma kioo chini. Ndiyo sababu pia mtoto aliyebanwa shingo hawezi kujinasua, wala mzazi aliye nje kumwokoa kwa kukivuta kioo. Watoto wamefariki hivyo, wengine wakiwa wameikanyaga swichi kwa goti lao wenyewe walipokuwa wakichungulia nje. Kwa sababu hiyo, swichi za magari mapya huinuliwa kwa kidole ili kufunga. Goti haliwezi kuziinua.

Magari mengi pia yana kifaa kinachopima mwendo wa mota. Ikipungua kasi ghafla, kioo hurudi chini. Kanuni za Marekani na Ulaya kuhusu vioo vinavyojifunga vyenyewe hutaka virudi kabla ya nguvu ya kubana kuzidi nyutoni 100, takriban uzani wa kilo 10. Hata hivyo, katika magari mengi kinga hii iko kwenye dirisha la dereva pekee, ilhali watoto huketi nyuma. Kitufe cha kufungia swichi za nyuma, kilichoko mlangoni pa dereva, hakina budi kutumiwa.

Betri ikitolewa gereji, kinga hiyo huenda ikapotea. Katika magari mengi hurejeshwa kwa kukifunga kioo kabisa na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache.