Mimba ni ya Wawili

Mke akiharibikiwa mimba mara ya kwanza, ukoo humpa pole. Mara ya tatu, macho yote humgeukia yeye. Hapa Buhongwa, leo kata ya Jiji la Mwanza kwenye barabara ya Shinyanga, swali la nani mwenye kosa ni la kale. Usukumani lilipelekwa kwa mfumu, yaani mganga wa ramli, akampasua kuku na kusoma matumbo yake: nani karoga, mzimu gani kakasirika? Majibu yalitofautiana, lakini aliyehojiwa alibaki mwanamke.

Damu ya watu wa Ziwa ilisaidia kuligeuza swali. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, aliwapima huko watu wa pwani, wa nyanda za juu na wa kandokando ya Ziwa Victoria. Pwani na ziwani, zaidi ya 20 katika 100 walibeba kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nyanda za juu, chini ya 1. Mwaka 1954 akaeleza sababu: kukirithi upande mmoja ni kinga dhidi ya malaria kali. Kuugua selimundu kunahitaji kukirithi kwa baba na mama, wote wawili.

Mwaka 1956, huko Lund, Uswidi, Joe Hin Tjio na Albert Levan walihesabu kromosomu za binadamu, nyuzi zinazobeba vinasaba: 46. Mwaka 1963 David Carr, mtafiti huko Kanada, alionyesha kuwa baadhi ya mimba zilizotoka zilikuwa na hesabu ya kromosomu isiyo sawa. Leo tunajua takriban nusu ya mimba zinazotoka mapema ziko hivyo. Nyingi ni ajali ya yai, inayozidi umri wa mama unapopanda; hakuna aliyeirithi.

Wapo wachache, takriban wanandoa 4 katika 100 wanaopoteza mimba mara kwa mara, ambao mmoja wao ana kromosomu zilizobadilishana vipande. Ni kama gunia la mpunga na la choroko yaliyobadilishana debe moja moja: jumla haijapungua, mwenye nayo ni mzima. Tatizo huja kwenye mgawo, mtoto akipewa gunia moja lililochanganyika. Hata hivyo, wengi wao hatimaye hupata mtoto.

Si yote ni urithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 hapa Mwanza ulikuta kuwa kati ya wajawazito wenye kaswende kali isiyotibiwa, robo walizaa mtoto mfu. Sindano ya penisilini huzuia hilo.

Kaswende hutibiwa kwa wote wawili; kromosomu hupimwa kwa wote wawili. Mfumu alimhoji mmoja.