Kafyu ya corona na vifo vya Kianjokoma

Kafyu iliyotangazwa nchini Kenya Machi 2020 ili kuzuia virusi vya corona haikutegemea Sheria ya Afya ya Umma, bali Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Ugonjwa ukakabidhiwa polisi, na raia aliyechelewa kufika kwake, ambaye labda hata hakuwa mgonjwa, akageuka mshukiwa.

Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa kafyu hiyo ni halali, lakini ikalaani ukatili wa polisi. Hata hivyo, Agosti 1, 2021, ndugu wawili walikamatwa Kianjokoma, Embu, kwa madai ya kukiuka kafyu. Siku mbili baadaye miili yao ilipatikana mochari. Polisi walidai kuwa vijana hao waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Upasuaji ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu, na baadaye maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji.

Kafyu hiyo iliondolewa Oktoba 20, 2021. Tarehe kama hiyo mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, ambapo kilio cha ardhi kilijibiwa kwa bunduki na wenyeji wa Embu na Meru wakafungiwa vijijini.