Mwaka Elsa Alipoingia Sinema

Februari 1956, George Adamson, afisa wa wanyamapori wa Northern Frontier District aliyekuwa na makao yake Isiolo, alimpiga risasi simba jike. Kumbe alikuwa na watoto watatu. Wawili wakaishia kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam. Yule mdogo kabisa akabaki na George na mkewe Joy, wakamwita Elsa. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka 1960. Filamu ikafuata 1966.

Ni stori tamu, sikatai. Watoto wa nchi ambazo hazina simba hata mmoja walijifunza kupenda wanyama kupitia huyu wa kwetu. Shida ni kwamba ukiichukua kama somo la mazingira, utadhani Isiolo ilikuwa pori tupu, wazungu wawili na wanyama, na wenyeji wamewekwa pembeni kubeba mizigo.

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa mjini aliwapa watoto kazi ya kikundi: nendeni mkaulize wazee stori moja kuhusu mahali tunapoishi, kisha mtunge kitabu cha darasa. (Enzi zetu za 8-4-4 hiyo ingeitwa kupoteza wakati. CBC ina mambo yake, lakini hapa naipa maksi.) Mpwa wangu yuko Gredi ya 5, na kikundi chao kilikuwa Isiolo yenyewe: Waborana, Mturkana, Mmeru, Msomali. Wakaja kwetu kumuuliza akko.

Walitarajia sungura na fisi. Akko akaanza na kisima. Akawaeleza kuhusu abba herega, mzee anayepanga zamu ya kunywesha, leo mifugo ya nani, kesho ya nani, na hata uwe tajiri namna gani huruki foleni. Akaja kwa dedha: malisho ya mvua, malisho ya kiangazi, na yale ya akiba ambayo hayaguswi mpaka ukame ubane kabisa, na wazee ndio husema lini. Nyasi zina ratiba, akasema. Watoto walisikiliza, lakini mmoja hakuridhika.

"Sasa adui ni nani?"

Swali la haki, kila hadithi ina fisi wake. Ndipo akko akataja Gaf Daba, wakati wa kusimama. Ndivyo Waborana wa Isiolo wanavyoviita vita vya shifta. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini Desemba 1963, na kuanzia 1966 serikali ikawakusanya wafugaji kwenye vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla na Merti vikiwemo. Jaribu kufikiria mfumo wote huo wa kuhamahama, halafu mtu anakuambia usitoke hapa. Mifugo mingine ilipigwa risasi, mingine ikafa njaa karibu na kambi, kwa sababu nyasi za mahali pamoja huisha. Waliokuwa na mamia wakatoka bila kitu. Hiyo ni 1966, mwaka uleule ambao watu London walikuwa wanapanga foleni kumtazama Elsa akirudishwa porini awe huru.

Mapigano yaliisha 1967. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka kule. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika kwenye ripoti yake ya 2013, ripoti ambayo sijawahi kuona mtu akiisoma matatuni. Mimi naamini umaskini mwingi tunaoulaumia ukame hapa Isiolo ulianzia pale, mvua zikiwa hazina hatia.

Kikundi kikabishana. Mmoja alisema mwalimu ameagiza mazingira, miti na wanyama, si vita, na watakatwa maksi. Mmeru wao, mtoto mpole sana, akauliza kama ng'ombe si mnyama. Wakanyamaza kidogo. Mwishowe wakakubaliana msimulizi awe ngamia aliyefungiwa Garba Tulla.

Wakamuuliza akko wampe jina gani. Akasema ngamia wa baba yake walikuwa na majina, wote, akaanza kuwataja mmoja mmoja na rangi zao na mama zao, mpaka mwandishi wa kikundi akaomba karatasi nyingine.